Kompyuta ya zamani haiwaki? Anza na adapta (sehemu ya 4)

Mama zangu wa Kigoma na Ujiji, leo nesi wenu anawaletea historia kidogo. Kwa nini kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 ni adimu kwetu? Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Halafu Kigoma tulikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, umeme wetu ukitoka kwenye majenereta ya dizeli.

Sasa shemeji akirudi kutoka Ulaya na Commodore 64, mashine ya mwaka 1982, jamani, msikimbilie kuichomeka. Adapta yake hutoa volti 5 za kuendesha chipu. Ikizeeka, kidhibiti cha ndani hufa, volti zinapanda, chipu za kumbukumbu zinaungua. Mashine ilikuwa nzima, imeuawa na chakula chake! Na iliyotoka Marekani ni ya volti 120, wakati ukutani kwetu ni 230.

Ni kama wodini: kabla ya kumlaumu mgonjwa, kagua dripu. Fundi aipime adapta kwa mita kwanza, ikiwa peke yake. Na watoto wakae mbali nayo, inachemka sana.