Kicheko cha Kashasha 1962: Wale Mabinti Hawakuwa Wanafurahi

Machalii wa Chuga, leo umbea tuuweke pembeni kidogo, kuna stori ya zamani nataka tuiongee.

Unaijua foleni ya Clock Tower? Simu inasema umekaa dakika 10, wewe unaona umekaa toka jana. Alafu ukiwa kijiweni na washkaji mnavunjana mbavu, lisaa linapita hujui limeenda wapi. Kuna Mfaransa mmoja, Henri Bergson, mwaka 1907 aliandika kwamba ukitaka maji ya sukari lazima usubiri sukari iyeyuke, na urefu wa kusubiri unausikia wewe, siyo saa. Huyohuyo mwaka 1900 alitoa kitabu kizima kuhusu kicheko. Kicheko kinataka kundi, alisema, na ukicheka moyo unalala kidogo, huruma inakaa pembeni.

Sasa twende Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962, hata miezi miwili toka Uhuru haijaisha, wasichana watatu wa shule ya bweni pale Kashasha walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kufika Machi walishapatwa 95 kati ya 159. Walimu, hata mmoja! Shule ikafungwa tarehe 18, mabinti wakarudi makwao, kicheko nacho kikaenda nao. Nshamba peke yake walipatwa watu 217.

Mitandaoni wanasema eti watu walicheka mwaka mzima bila kupumzika. Siyo kweli bana. Kilikuja kwa vipindi, dakika chache mpaka masaa, kinaacha, kinarudi, wengine mpaka siku 16. Na walikuwa wanalia pia, wanahangaika, wengine wanasema kuna mtu anawakimbiza. Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika ripoti mwaka 1963: wamepima, hawajakuta sumu wala mdudu. Wakaona ni hofu inayoambukizana kwenye kundi.

Kwenye kundi Bergson kapatia. Ila kwenye moyo kulala, mimi naona waliolala ni sisi tunaosambaza. Wale mabinti walikuwa macho kabisa, tena wadogo, wengine miaka 12. Siku 16 kwenye ripoti ni namba tu. Zihesabu kama unavyohesabu dakika za foleni, uone.

Mimi mwenyewe ile meme niliipost mwaka jana, na emoji tatu za kucheka. Juzi nimeifuta.