Hongo ya Barabarani

Baba mdogo aligongwa Novemba 1998, alfajiri ya Jumamosi, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam, mashariki ya Dodoma mjini. Nyuma ya baiskeli yake, Phoenix nyeusi, alikuwa amefunga tenga la kuku kwa mipira ya tyubu, anawapeleka soko la Majengo. Alikuwa anakwenda kushoto kwake, kama sheria inavyotaka. Mbele likatokea basi linalotoka mjini, linalipita lori, limeacha upande wake na kujaa upande wa baba mdogo. Akakata usukani kwenda pembeni. Pale lami ilikuwa imeishia ghafla, na udongo wa chini yake ulikuwa umeliwa na mvua kiasi cha kiganja kizima. Gurudumu likashuka, baiskeli ikalala, mguu wake wa kulia ukabaki juu ya lami.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nilipofika, kuku walikuwa wametapakaa hadi kwenye mibuyu na watoto wenzangu wanawakimbiza. Basi halikusimama. Taarifa iliyoandikwa baadaye ilisema mwendesha baiskeli aliyumba. Sikatai, aliyumba kweli. Lakini hakuna aliyeandika kwa nini.

Alipona, mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Siku moja nilimuuliza kwa nini hakufuatilia haki yake. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, hakuinua kichwa. "Mwanangu," alisema, "barabara ina wenyewe."

Baadaye nilisoma historia, nikawa mwalimu wa somo hilo. Kila nilipokutana na habari za njia za nyanda zetu za kati, nilijikuta namtafuta huyo mwenye barabara.

*

Kuna wakati mwenye njia alikuwa Mgogo. Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji kwa njia kuu ya kati ulikatiza Ugogo. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walipandisha vitambaa, shanga na waya, wakateremsha pembe za ndovu. Baada ya Mpwapwa waliingia Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kutegemea, na walipotokeza upande wa pili walikuwa wamekaukwa koo. Maji waliyoyakuta yalikuwa na wenyewe. Yalikuwa kwenye visima vilivyochimbwa kwa mikono, katika nchi ambayo mvua hunyesha miezi michache tu kisha mbingu hufungwa. Nafaka nayo ilikuwa ya wenyeji. Kwa hiyo mtemi wa kila eneo alidai hongo kabla msafara haujanywa na kuendelea.

Richard Burton alipita mwaka 1857, Henry Morton Stanley mwaka 1871, na wote wawili walinung'unika sana vitabuni mwao. Wao waliona unyang'anyi. Ukiyasoma malalamiko hayo ukiwa mtoto wa Ugogo, unafikiria kile kisima. Mamia ya watu wakinywa siku mbili, wenyeji wanabaki na matope. Hongo ilikuwa fidia ya hasara hiyo. Anayepita alimlipa anayekaa.

Leo neno hongo limebaki na maana ya rushwa, na ukilitaja barabarani watu watacheka na kuangalia kama kuna askari. Maana ile ya zamani, ushuru wa njia, imebaki kwenye vitabu.

*

Wajerumani waliukomesha utaratibu huo, na reli ikaizika misafara. Reli ya Kati ilipita Dodoma na kufika Kigoma mwaka 1914. Uliokuwa mzigo wa mabega ya watu ukahamia kwenye mabehewa. Waingereza nao wakaifanya Dodoma kituo kwenye ile barabara waliyoiota, kutoka Cape Town hadi Cairo: Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa, Arusha, na kuendelea kaskazini.

Baiskeli iliingia katikati ya mambo hayo. Babu yangu aliuza ng'ombe akanunua Raleigh, akaikatia leseni, akapewa kibati cha kufunga kwenye fremu. Ilibeba maji, gunia la mtama, mgonjwa, na mara moja, kwa maelezo ya bibi, ilimbeba bi harusi. Babu hakuiogopa barabara. Ilikuwa ya vumbi na mashimo, na dereva wa lori aliyetaka kuzilinda springi zake hakwenda kasi ya kutisha. Gari lilionekana kwa wingu lake la vumbi dakika kadhaa kabla halijafika, babu akapata muda wa kushuka na kulisubiri lipite.

Lami iliondoa vumbi, na ikaondoa pia ule muda wa kusubiri. Tofauti ya mwendo kati ya baiskeli na gari, ambayo zamani ilikuwa ndogo, ikawa kubwa mno. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina nguvu ya kugonga mara mbili na nusu ya lile linalokwenda 50. Ndiyo maana kikomo ndani ya makazi ni 50. Lakini makazi yenyewe yalifikaje pale kando ya lami?

*

Wagogo hawakuwa watu wa kuishi kwa mstari. Waliishi kwa kutawanyika, kila ukoo na tembe lake, paa la udongo bapa, zizi la ng'ombe katikati, na malisho kati ya mji na mji. Baada ya miaka ya ukame na njaa, serikali iliendesha Operesheni Dodoma kuanzia 1970 na 1971, kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja Chamwino kushiriki kazi. Kisha ikafuata Operesheni Vijiji, nchi nzima, hadi katikati ya miaka ya 1970.

Nia ilisemwa wazi: shule, zahanati, maji ya bomba. Na ili lori la mahindi ya njaa lifike, na afisa afike, vijiji vingi vilipangwa kando ya barabara. Babu alihama na familia yake kutoka kwenye tembe lililokuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, akaonyeshwa kiwanja. Mbele ya mlango palikuwa na barabara. Shamba lilibaki ng'ambo, kisima ng'ambo, na shule ilipojengwa ikawekwa ng'ambo.

Siandiki haya kuilaumu operesheni yote. Mimi mwenyewe nimesoma katika shule hiyo. Naandika kwa sababu ya lile neno "aliyumba". Mtu anayevuka barabara kuu mara sita kwa siku hafanyi hivyo kwa uzembe. Alipangiwa. Na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipopanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, nyumba zilianza kuchorwa X, nyekundu kwa aliyeivamia barabara, kijani kwa yule ambaye barabara ndiyo iliyomfuata. Nilizitazama zile X za kijani kwa muda mrefu. Hatimaye serikali ilikuwa imeandika ukutani, kwa rangi, kwamba wapo watu waliokuwepo kwanza.

*

Mwaka 1973 ulikuwa na mambo mengi. Bunge lilitunga Sheria ya Usalama Barabarani. TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa. Mwishoni mwa mwaka bei ya mafuta duniani ikapanda ghafla, na wakubwa wetu wanakumbuka jinsi baadaye magari binafsi yalivyokatazwa kutembea Jumapili mchana.

Huko Uholanzi, nchi ambayo leo watu huitaja kama vile ilizaliwa na njia za baiskeli, hali ilikuwa mbaya. Mwaka 1971 pekee ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000, wakiwemo watoto zaidi ya 400. Wazazi waliingia mitaani na kuzuia magari, na vuguvugu lao likachukua jina la Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Madai hayo, pamoja na uhaba wa mafuta, yaliisukuma serikali yao kuanza kujenga upya barabara zake.

Sisi tulikuwa na nafasi ambayo Waholanzi hawakuwa nayo: mji ambao bado ulikuwa karatasini. Mpango mkuu wa 1976, uliotayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ulikubali ukweli kwamba Watanzania wengi hawatakuwa na magari. Ulichora mji wa watembea kwa miguu, baiskeli na mabasi, makazi yakiwa karibu na huduma, na njia za miguu na baiskeli zikitengwa na za magari. Nilipousoma mara ya kwanza nilimwona baba mdogo mle ndani, na tenga lake, kwenye njia yake mwenyewe.

Fedha hazikutosha, vita na Uganda vikaja, uchumi ukaanguka, na mengi ya mpango ule hayakujengwa. Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na Dodoma ikatangazwa jiji mwaka 2018, magari yalikuwa yameshatangulia.

*

Barabara hii ina kifo kimoja ambacho kila Mtanzania anakijua. Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa anarudi Dar es Salaam kutoka bungeni Dodoma. Msafara wake ukapata ajali Dakawa, mkoani Morogoro, na taifa likalia. Mahali pale sasa panaitwa Wami Sokoine. Ndivyo inavyostahili. Lakini kutoka Dakawa kurudi Dodoma kuna mahali pengi ambapo watu wa baiskeli wameanguka, na panajulikana na jamaa zao tu: pale kwenye mbuyu, pale kwenye kalavati, pale alipogongwa baba yake fulani.

Sasa barabara ya mzunguko wa nje, zaidi ya kilomita 112, inapita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, ili malori yasilazimike kuingia katikati ya jiji. Ni jambo jema kwa wa katikati. Veyula na Matumbulu nako kuna watu, na mashamba yao hayako upande mmoja.

Nami sasa naendesha gari. Mwaka jana nilikuwa nampeleka baba mdogo kliniki, tumechelewa, saa moja na nusu asubuhi. Karibu na Ihumwa tulimkuta kijana na baiskeli, madumu manne ya maji, amekaa ndani ya lami kwa sababu pembeni palikuwa na mchanga mzito. Mbele lilikuwa linakuja lori. Nilipiga honi, ndefu, ile ya kumwambia mtu toka. Niliona mabega ya yule kijana yakishtuka, na gurudumu la mbele likayumba.

Baba mdogo aliweka kiganja juu ya dashibodi. Sauti yake haikuwa ya ukali.

"Mwache. Si unaona amebeba maji?"

Niliondoa mguu kwenye mafuta. Tulikwenda nyuma ya ile baiskeli kwa mwendo wake, lori likapita, na basi moja nyuma yetu likaanza kutupigia honi sisi. Zilikuwa dakika mbili hivi. Kisha njia ikawa tupu, nikampita kijana kwa mbali, karibu na mstari wa upande wa pili. Alinyanyua mkono. Baba mdogo akamjibu kwa kunyanyua wa kwake, kama wanavyosalimiana watu wanaofahamiana.