Kutoka gumegume hadi bastola: Jinsi njia ya misafara ya Tabora ilivyopima ubora wa silaha

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MGENI anayefika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, huoneshwa tembe walimokaa Dk. David Livingstone na Henry Morton Stanley mwanzoni mwa mwaka 1872. Wengi huuliza habari za watumwa, za pembe za ndovu na za wapagazi waliokuwa wakitembea kutoka pwani hadi Ujiji. Ni wachache wanaouliza kuhusu bidhaa nyingine iliyopita hapo kwa wingi na kubadili historia ya Unyamwezi, nayo ni bunduki.

Bidhaa hiyo ndiyo iliyochangia kuamua nani atoze hongo, nani alinde msafara wake na nani apoteze mali na roho yake njiani. Kwa sababu hiyo, waliozinunua hawakuzinunua kama mtu anunuavyo pambo. Walikuwa na maswali mawili: Je, itawaka siku ya shida? Na ikiwaka, haitapasuka mikononi mwa mwenyewe?

Maswali hayo yangali yakiulizwa duniani kila kampuni inapotoa toleo jipya la bastola. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa Tabora ya karne ya 19 hakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yake.

Safari ndefu kuliko dhamana

Richard Burton na John Hanning Speke, walioondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, waliingia Kazeh, jina lililotumika wakati huo kwa mji wa Tabora, Novemba 7 mwaka huohuo. Hiyo ni safari ya zaidi ya siku 130. Bunduki iliyosafiri kwa njia hiyo ilikuwa tayari imevuka bahari kutoka Ulaya au Marekani, ikashushwa Unguja, ikavushwa hadi mwambao, kisha ikabebwa katika mvua, umande na vumbi la Ugogo.

Hivyo, hata bunduki iliyotoka kiwandani ikiwa nzima iliweza kufika Unyanyembe ikiwa na kutu ndani ya mtutu, mtambo uliolegea au kitako kilichopasuka. Fundi aliyeitengeneza alikuwa mbali kwa miezi mingi. Aliyeinunua alibaki nayo jinsi ilivyo.

Gumegume, fataki na viasi

Ili kuelewa mashaka ya wanunuzi wa wakati ule, ni vema kuzitofautisha aina tatu za bunduki zilizofuatana katika njia hiyo.

Ya kwanza ni gumegume. Hii hushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni kwa mdeki, na huwashwa na cheche za jiwe linalogonga chuma. Udhaifu wake unafahamika. Kisahani cha baruti kikilowa wakati wa masika, bunduki haiwaki.

Ya pili ni ya fataki. Nayo hushindiliwa mdomoni, lakini huwashwa na kifuniko kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka inapogongwa na nyundo ya mtambo. Haisumbuliwi na mvua kama gumegume, lakini bila fataki kutoka ng'ambo haina kazi.

Ya tatu ni ya viasi, yaani ile inayopakiwa kwa nyuma kwa kutumia kiasi chenye risasi, baruti na fataki ndani ya ganda moja. Kundi hili lina bunduki za kurudia pamoja na bastola yenye silinda inayozunguka, ambayo wengi huiita rivolva. Samuel Colt wa Marekani alipata hataza ya rivolva nchini mwake mwaka 1836, ingawa za mwanzo zilitumia fataki na baruti ya kushindilia.

Kwa mtazamo wa kiwandani, kila aina ilikuwa bora kuliko iliyoitangulia. Kwa mtazamo wa njia ya misafara, hesabu ilikuwa tofauti. Jiwe la gumegume likichakaa liliweza kubadilishwa, na mtutu wake ulikubali hata vipande vya chuma. Mwenye bunduki ya viasi alipomaliza viasi vyake alibaki na chuma na mti tu.

Orodha ya shehena ya Stanley inaonesha hesabu hiyo vizuri. Mwandishi huyo wa gazeti la New York Herald alikuwa na fedha za kununulia silaha alizotaka. Mwaka 1871 alichukua bunduki za kisasa za kurudia, zikiwamo Winchester na Henry, pamoja na rivolva mbili za viasi. Hata hivyo, katika orodha hiyohiyo zimo gumegume 24, na ndizo zilizokuwa nyingi kuliko silaha nyingine zote za moto alizochukua.

Chapa ilithibitisha nini?

Si kweli kwamba viwanda vya Ulaya havikuwa na utaratibu wa kukagua ubora. Mji wa Liège, katika Ubelgiji ya leo, ulikuwa na nyumba ya majaribio ya mitutu tangu mwaka 1672. Birmingham, Uingereza, ilipata yake kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1813. Utaratibu ulikuwa mmoja. Mtutu ulijazwa baruti nyingi kuliko ya kawaida, ukafyatuliwa, kisha ukakaguliwa. Uliosalimika ulipigwa chapa, na uliopasuka haukuuzwa.

Lakini chapa hiyo ilikuwa na mipaka ambayo mnunuzi wa mbali hakuelezwa. Ilithibitisha kwamba mtutu ulihimili jaribio siku ile. Haikuthibitisha kwamba mtambo utafyatuka kila mara, kwamba chuma cha nyundo kimekomazwa sawasawa, wala kwamba kutu haitakula mtutu huo njiani.

Isitoshe, chapa yenyewe iliweza kuigwa. Bunduki za serikali ya Uingereza zilikuwa na neno "Tower" kwenye mtambo, na sifa zake zilienea hata Afrika. Kwa hiyo neno hilo likaonekana pia kwenye bunduki za bei rahisi zilizotengenezwa kwa ajili ya biashara tu.

Jambo la tatu ni baruti. Iliyoletwa kwa biashara haikuwa na nguvu moja, na mtu aliyezoea baruti hafifu alishindilia nyingi. Siku alipopata iliyo kali akatumia kipimo kilekile, mtutu uliweza kupasuka hata kama ulikuwa na chapa halali.

Katika hali hiyo, mtumiaji ndiye aliyegeuka mkaguzi wa ubora. Alichungulia mtutu, akasikiliza mlio wa mtambo, akatazama jinsi cheche zinavyoruka, akaifyatua. Kazi ambayo Birmingham ilifanyika kwa sheria, huku ilifanywa na mtu mmoja kwa mikono na uso wake mwenyewe.

Somo la Wilyankuru

Uzito wa jambo hilo ulionekana Agosti 1871, Waarabu wa Tabora walipomshambulia Mirambo, mtemi wa Urambo aliyekuwa amefunga njia ya Ujiji. Stanley alishiriki vita hivyo na kuviandika.

Kundi lililoongozwa na Soud bin Sayd lilikiteka kijiji cha Wilyankuru na kuondoka na pembe na mateka. Wapiganaji wa Mirambo walikuwa wamejificha majanini kandokando ya njia. Kwa mujibu wa masimulizi ya Stanley, Soud alifyatua bunduki yake akawapiga watu wawili, na alikuwa akiishindilia tena mkuki ulipomchoma akafa.

Ubora wa bunduki, basi, haukuwa katika mtutu peke yake. Ulikuwa pia katika muda wa kuijaza upya. Ndiyo maana silaha inayotoa risasi kadhaa mfululizo ilivuta macho ya watawala wa bara. Speke alipofika Buganda mwaka 1862, miongoni mwa zawadi alizompa Kabaka Mutesa ilikuwamo rivolva.

Karibu miaka mitano baada ya Wilyankuru, Aprili 1876, Stanley alikutana na Mirambo mwenyewe na wakachanjiana udugu. Zawadi ya Stanley kwa ndugu yake mpya ilikuwa rivolva pamoja na risasi 200, na vitu vingine vidogo vya Uingereza. Mirambo alijibu kwa ng'ombe wa maziwa na ndama wao.

Ni vema kuitazama idadi hiyo ya risasi. Silaha hiyo haikuweza kula baruti na vipande vya chuma vilivyozagaa njiani. Risasi 200 zikiisha, mtemi aliyetisha njia nzima ya misafara angelazimika kumngoja mfanyabiashara kutoka pwani. Ng'ombe wake, kinyume chake, wangeendelea kuzaa.

Ubora uliokatazwa kwa mkataba

Mirambo alifariki dunia Desemba 1884. Miaka michache baadaye, mataifa makubwa yaliamua ni bunduki gani Mwafrika anaweza kununua. Mkataba wa Brussels wa Julai 2, 1890, ulizuia uingizaji wa silaha za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo ya 20 Kaskazini hadi ya 22 Kusini. Sababu iliyotajwa ni kukomesha biashara ya watumwa. Gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuendelea kuuzwa chini ya masharti.

Kwa maneno mengine, silaha dhaifu iliachwa kwa wenyeji wakati majeshi ya wakoloni yakija na bunduki za viasi na mizinga.

Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na ngome imara karibu na Tabora, na alizuia mashambulizi ya Wajerumani mwaka 1892. Januari 1893 kikosi kilichoongozwa na Tom von Prince kiliivunja ngome hiyo. Isike hakutaka kukamatwa, akailipua ghala yake ya baruti akiwa humo ndani. Wajerumani walimkuta akiwa mahututi, wakamnyonga.

Malalamiko ya leo

Mtu anaweza kudhani kwamba teknolojia imemaliza mashaka ya mnunuzi. Mfano wa Colt unaonesha vinginevyo. Mwaka 2020 kampuni hiyo iliirudisha sokoni rivolva yake mashuhuri ya Python, ambayo ilikuwa imeacha kutengenezwa. Wapenzi wa silaha hizo nchini Marekani waliipokea kwa furaha, lakini baadhi ya wanunuzi wa mwanzo walilalamika kwamba silinda haikuzunguka ipasavyo. Wengine waliitetea, wakisema toleo jipya lina chuma imara zaidi.

Tofauti yao na mtu wa Unyanyembe si ujuzi wa kutambua kasoro. Wao wanaweza kuirudisha silaha kwa aliyeitengeneza ikarekebishwa.

Hapa nchini hali ya zamani haijaisha kabisa. Bunduki za kushindilia, maarufu kama magobore, zingali zikikamatwa mikononi mwa majangili na watu wanaozimiliki bila kibali, na nyingine zimetengenezwa vijijini kwa mabomba ya chuma ambayo hayakukusudiwa kuhimili mlipuko. Gobore la namna hiyo halijapita jaribio lolote. Anayelifyatua kwa mara ya kwanza ndiye anayelijaribu.

Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inakataza kutengeneza au kumiliki silaha bila kibali. Aidha, Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayotaka kila silaha iwekewe alama ya utambulisho.

Alama hiyo, hata hivyo, isichanganywe na chapa ya Birmingham. Inaeleza silaha ni ya nani na imetoka wapi. Haielezi kama mtutu wake utahimili.

Kwa hiyo, mwananchi aliyerithi gobore la babu yake, ambalo pengine limelala juu ya dari kwa miaka mingi, asishawishike kulijaza baruti ili aone kama bado linafanya kazi. Njia salama ni kuliacha kama lilivyo na kutoa taarifa kituo cha Polisi au kwa viongozi wa eneo lake. Wazee wa njia ya misafara walilijaribu kwa sababu hawakuwa na mwingine wa kuwafanyia kazi hiyo.