Gesi, Fundi na Cheti: Historia Fupi ya Ufundi wa Majokofu

Ukiteremka Mikumi mchana wa jua kali, pale mabasi ya Iringa na Mbeya yanaposimama, utapata soda baridi karibu kila duka. Ni jambo la kawaida mno, hata hakuna aulizaye ni nani anayeyatengeneza majokofu yale yakiharibika, wala ni nani aliyempa ruhusa ya kuyafungua. Katika makala hii nataka kueleza asili ya ruhusa hiyo, kwani imebadilika mara kadhaa, na kila mara kilichoibadilisha ni gesi iliyomo ndani ya mirija.

Zamani, mahali pasipokuwa na umeme, jokofu lililotumika katika zahanati na misheni ni lile la mafuta ya taa. Mtindo wake ulibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters. Halina kompresa. Moto mdogo wa utambi huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji, na amonia katika mzunguko wake huchukua joto la ndani na kulitoa nje. Mpango wa chanjo wa Taifa ulipoanza mwaka 1975, chanjo zilitakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Aliyehakikisha hivyo aghalabu alikuwa mhudumu aliyekata utambi na kufuta masizi, si fundi mwenye cheti. Mwaka huo huo mitambo ya Kidatu, kusini mwa Mikumi, ilianza kuzalisha umeme. Kadiri umeme ulivyoenea, ndivyo jokofu la kompresa lilivyoshika nafasi, na hapo fundi akahitajika.

Nchini kwetu cheti cha ufundi kilianza kama jambo la kazi na mshahara. Sheria ya uanagenzi ilipitishwa mwaka 1940, wakati wa Mwingereza. Baada ya Uhuru ikaja Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 1974, kisha ile ya 1994 iliyounda VETA. Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa majaribio ya ufundi, maarufu kwa jina la tredi testi: daraja la III kwa anayeanza, la II, na la I kwa bingwa. Sisi tulio Serikalini twajua jinsi daraja hilo lilivyoamua cheo na mshahara wa fundi. Lakini gesi ikishatoka katika mirija, ilikwenda wapi? Hilo halikumsumbua mtu.

Ng'ambo gesi ilikuwa imekwisha kuua. Katika mji wa Chicago, mwaka 1928 na 1929, watu walifariki majumbani kwa kuvuta kloridi ya methili iliyovuja kutoka majokofu. Ndipo Thomas Midgley na wenzake wakatafuta gesi isiyo sumu na isiyowaka. Mwaka 1930 Midgley alivuta pumzi ya gesi hiyo mpya mbele ya wanakemia wenzake, kisha akaipuliza juu ya mshumaa, ukazimika. Gesi hiyo ndiyo R-12 waliyoizoea mafundi wetu. Kwa kuwa haikumdhuru mtu, fundi alifungua mrija akaiacha ipae, akajaza nyingine.

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi hizo hupanda juu sana na kuharibu ozoni inayotukinga na miali mikali ya jua. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kuona tundu juu ya Antaktika. Mkataba wa Montreal ukatiwa saini mwaka 1987, na Tanzania ikajiunga mwaka 1993. Kwa nchi zinazoendelea, mwisho wa R-12 na jamaa zake ulikuwa 2010. Gesi ya R-22, iliyojaa katika viyoyozi vyetu, nayo inapunguzwa hatua kwa hatua: asilimia 10 mwaka 2015, 35 mwaka 2020, na 67.5 mwaka 2025. Hapa nyumbani Sheria ya Mazingira ya 2004 ilifuatwa na kanuni za gesi hizi mwaka 2007.

Hivyo fundi akapewa masharti mapya. Gesi ya zamani haiachwi hewani. Huvutwa kwa mashine na kuwekwa katika mtungi, nao usijazwe kupita asilimia 80, maana maji ya gesi hutanuka kwa joto. Uvujaji hupimwa kwa naitrojeni yenye rigileta. Asitumie oksijeni kamwe, kwa sababu ikikutana na mafuta ya kompresa kwa shinikizo hulipuka. Kisha pampu huondoa hewa na unyevu, la sivyo maji huganda katika mrija mwembamba na kuziba njia.

Sasa gurudumu limezunguka. Makubaliano ya Kigali ya 2016 yanapunguza gesi zilizorithi nafasi, kama R-134a, kwa kuwa zaongeza joto la dunia. Majokofu mengi mapya yana R-600a au R-290, ambazo ni ndugu wa gesi ya kupikia. Jokofu la nyumbani aghalabu huwa na chini ya gramu 150, lakini fundi akiwasha moto wa kulehemu kabla hajaitoa gesi na kufungua madirisha, kiasi hicho kidogo chatosha kumuunguza. Anayetandaza nyaya za umeme hutakiwa kuwa na leseni ya EWURA. Fundi wa jokofu mtaani huulizwa bei tu. Mimi naona hili halifai tena.

Kwa vijana mlio madarasani: VETA inacho chuo papo hapo Mikumi, na aliyejifunzia kazini naye aweza kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti chini ya mpango wa urasimishaji. Nanyi wenye majokofu, kabla hamjamwita fundi, someni kibandiko kilichoko nyuma ya jokofu au ubavuni mwa kompresa. Pameandikwa jina la gesi na uzito wake kwa gramu. Mwonyesheni fundi, kisha msikilize atasema nini.