Peris Tobiko: Laana ya Wazee na Siri ya Kura

Ukitoka Taveta ukafuata barabara ya mpakani kuelekea Loitokitok, unaingia Rombo, wadi ya Kajiado Kusini chini ya Mlima Kilimanjaro. Si ile wilaya ya Rombo ya Tanzania, ingawa ni majirani. Hapa ndipo Pwani yetu inapopakana na Umaasaini.

Upande wa Taveta, Dkt. Naomi Shaban, daktari wa meno, alichaguliwa mbunge mwaka 2002 akakaa hadi 2022. Upande wa pili wa mpaka, katika Kajiado nzima, ilibidi wangoje hadi 2013 ndipo mwanamke akachaguliwa mbunge wa eneo. Huyo ni Peris Pesi Tobiko.

Katiba ya 2010 ilileta maeneo mapya ya uwakilishi. Kajiado, iliyokuwa na maeneo matatu, ikapata matano: Kaskazini, Kati, Kusini, Mashariki na Magharibi. Bi Tobiko alijitosa Kajiado Mashariki, eneo lenye mji wa Kitengela na malisho ya Kaputiei. Si jina geni nchini: ndugu yake, Keriako Tobiko, alikuwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, baadaye Waziri wa Mazingira.

Lakini jina halikumkinga. Kampeni zilipopamba moto, kundi la wazee lilitangaza laana dhidi yake, likisema ni mwiko mwanamke kuwaongoza wanaume. Sisi wa Pwani tusicheke. Ni nani kwetu asiyejua jinsi mtu anavyonywea akitishiwa kusomewa halbadiri? Kwa Mmaasai, neno la mzee si mchezo. Anayelaaniwa huogopea watoto na mifugo yake.

Tarehe 4 Machi 2013 watu wakapiga kura. Bi Tobiko, kwa tiketi ya TNA, akashinda na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuchaguliwa mbunge nchini Kenya. Mwaka 2017 akarudi tena, kwa tiketi ya Jubilee.

Nionavyo mimi, silaha yake kubwa ilikuwa siri ya kura. Barazani mzee yupo, mume yupo, ukoo upo. Ndani ya kibanda cha kura kuna mtu, kalamu na Mola wake. Tena Kitengela ni mji wa watu wa kila kabila, na wengi wao laana ile haikuwahusu.

Hata hivyo, ushindi wa mtu mmoja haujawa desturi. Mwaka 2013 wanawake 16 tu walichaguliwa katika maeneo 290 ya ubunge. Mwaka 2017 wakafika 23. Katiba inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili, lakini Bunge lilishindwa kupitisha sheria ya kutekeleza hilo. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa.

Na Kajiado? Uchaguzi wa 2022 Kajiado Mashariki ilikwenda kwa Kakuta Maimai Hamisi, na maeneo yote matano yakachukuliwa na wanaume. Mwanamke akabaki na kiti kimoja kilichotengwa kwa sheria, cha mwakilishi wa kaunti. Taveta nako, baada ya Dkt. Shaban, alichaguliwa mwanamume.

Simlaumu mwanamume aliyeshinda kwa haki. Ninachouliza ni hiki: vyama vinamwandaa nani baada ya mwanamke aliyetangulia? Likoni kwetu, Mishi Mboko alianza kwa kiti cha mwakilishi wa kaunti mwaka 2013, kisha 2017 akachukua ubunge na 2022 akautetea. Kiti kile kinaweza kuwa ngazi. Kikiwa kizuizi, binti wa Rombo ataambiwa, “Chenu ni kile pale,” na hilo halitahitaji laana ya mzee yeyote.