HISTORIA YA KIOO CHA LORI LETU

 Kikundi chetu kimefikisha miaka kumi. Mimi elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo mnisamehe nikiandika kama ninavyosema. Wenzangu wameandika habari za hisa, mikopo na sanduku letu la kufuli tatu. Mimi nimeombwa niandike habari ya kioo cha mbele cha lori, maana mwaka 2019 kioo kile nusura kivunje kikundi chenyewe.

Sisi tuliokulia Mwanza tunaijua taabu ya spea tangu utotoni. Wakati wa Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, magari ya raia nayo yalichukuliwa kubeba askari na mizigo yao. Baada ya vita hali ikawa ngumu, fedha za kigeni hakuna. Sabuni yenyewe kwa foleni, sembuse kioo cha gari! Nakumbuka lori moja la pamba lililozibwa ubao upande mmoja wa kioo, dereva anachungulia upande wa pili. Kuanzia 1984 Serikali iliporuhusu wenye fedha zao nje waagize bidhaa, spea zikaanza kuonekana. Basi taabu ikageuka. Zamani kioo kilikuwa hakipo. Siku hizi vipo, kazi ni kujua kizuri ni kipi.

Lori letu tulilinunua 2018, Canter kuukuu ya Kijapani. Lilibeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, likirudi linachukua mahindi upande wa Geita. Siku hizo tulivuka kwa pantoni, Kigongo na Busisi, maana daraja limefunguliwa Juni 2025 tu.

Mwanzoni mwa 2019 jiwe liliruka kutoka tairi la basi likapiga kioo. Ufa ulianza kama unywele, baada ya wiki ukavuka kioo chote. Trafiki wakatusimamisha, na dereva akasema jua la jioni likipiga kwenye ufa haoni mbele. Mweka hazina wetu akatafuta, akapata kioo kipya cha bei ya chini, kinang'aa, lakini bila risiti. Akaniuliza. Dagaa walikuwa wanangoja na mvua imetanda. Mimi mwenyekiti ndiye niliyesema, "Chukua, mama, tusichelewe." Naandika neno hili hapa ili asilaumiwe mwenzangu peke yake.

Haikupita miezi miwili. Usiku, njia ya Misungwi, likaja kokoto dogo kama punje ya hindi. Kioo chote kikawa cheupe mara moja, kisha kikamwagika kama chumvi ya mawe mapajani kwa dereva na kwa mama mmoja mwanachama aliyesindikiza mzigo. Dereva akakanyaga breki kwa kukisia. Lori likasimama hatua chache kutoka kwenye kalavati. Mama yule aliumia usoni, karibu kabisa na jicho. Jicho likapona, na leo ndiye msimamizi wa chakula cha sherehe yetu.

Mkutano uliofuata ulikuwa mgumu. Mfuko wa jamii ulikuwa umekwisha kwa matibabu. Wengine wakataka hisa zao, wengine wakasema lori liuzwe, mweka hazina analia. Ndipo tukamwita fundi mmoja mzee wa Mabatini. Akaja na vipande vya kioo mkononi, akatufundisha kama watoto wa shule.

Alisema vioo vya gari viko vya namna mbili. Kimoja hupashwa moto sana kikapozwa ghafla; ni kigumu, lakini kikishindwa kinapasuka chote punje punje. Hicho ni cha milangoni. Kingine ni vioo viwili vilivyobanwa na utando wa plastiki katikati. Kikipigwa kinapata ufa lakini hakimwagiki, na dereva bado anaona. Hicho ndicho cha mbele. Baadaye mwanangu alinisomea kwamba aliyekivumbua ni Mfaransa Édouard Bénédictus. Inasimuliwa kuwa mwaka 1903 chupa yake ilianguka ikapasuka bila kutawanyika, kwa sababu ya utando uliokaukia ndani. Akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1909.

Kumbe jawabu lilikuwa limeandikwa pembeni mwa kioo chetu, herufi ndogo: TEMPERED. Tulitakiwa tusome LAMINATED. Akina mama tulishika vichwa.

Hapa mjini tulitafuta wiki tatu. Tulivyopata vilikuwa vya kabini pana, na yetu ni nyembamba. Mwisho shemeji yangu akapata Gerezani, Dar es Salaam, kioo kilichotolewa kwenye gari bovu la aina ileile. Tulimwagiza akikague juani: pembeni kusiwe na weupe wala malengelenge, maana hapo utando umeachia, na katikati kusiwe na mikwaruzo ya waipa, inayopofusha usiku taa zikija. Kilisafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kikiwa kimesimama kwa ukingo kati ya magodoro mawili. Kioo hakilazwi.

Fundi hakukifunga siku hiyo. Kwanza alikwangua kutu kwenye fremu na kuinyoosha, akisema fremu iliyopinda hupasua kioo chenyewe bila jiwe. Akanunua mpira mpya. Akapitisha kamba kwenye mfereji wa mpira, mmoja anasukuma nje, yeye anavuta kamba ndani taratibu, mpira ukakaa. Tukamwaga ndoo ya maji. Halikuingia tone.

Tangu siku hiyo tuna kanuni, imo katika katiba yetu: hakuna kitu cha kikundi kinachonunuliwa bila risiti, bila fundi kukiona, na bila wanachama watatu kukubali, kama zile kufuli tatu. Na mwenyekiti hana ruhusa ya kusema "chukua" peke yake.

Kioo kile kipo mpaka leo. Kina alama moja ya jiwe, upande wa kushoto, haijasogea. Nikipanda lori huwa naigusa kwa kidole.

Haraka haraka haina baraka. Asanteni sana, akina mama wenzangu, kwa kutonifukuza. Kikundi oyee!

Mwenyekiti