Umeme wa Nakasero Hulipiwa Wapi?

Ndugu zangu wa Nakivale, Kyaka na Kyangwali, na ninyi wa mashirika mnaotusoma: siku hizi ukikaa kwenye steji ya boda karibu na soko la Nakasero, utaona pikipiki zinapita bila kelele wala moshi. Ni za umeme. Dereva hanunui petroli. Betri ikiisha anaenda kituoni, anaiacha, anapewa nyingine iliyojaa, anaondoka. Mjini wanaita usafiri safi. Nimezipanda, na kwa kweli kifua kinashukuru. Ila mimi ni mtu wa Kivu, na nikiambiwa kitu ni safi huwa nauliza: aliyekiosha ni nani, na maji machafu kayamwaga wapi?

Tuanze na umeme wenyewe. Nakasero ni kilima cha wakubwa tangu ukoloni, na mpaka leo ofisi za serikali, mabalozi na mahoteli ziko huko. Wizara ya Nishati iko pale chini, Amber House, kwenye Kampala Road. Taa zake zina asili Jinja. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alikuja kufungua bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, na maporomoko mawili yakazama: Owen na Ripon. Mwaka 2012 likaja bwawa la Bujagali, megawati 250. Kwa Wabasoga maporomoko yale yalikuwa makao ya roho ya Budhagaali. Kulifanyika matambiko ya kuihamisha, na wapo waliosema wazi kwamba haihamishiki. Maji yakafunika. Ukinunua yuniti za Yaka leo, gharama hiyo huioni kwenye risiti. (Waganda husema hawajui Kiswahili, lakini tangu 2005 hadi 2025 walikuwa wakiitukana kampuni iliyoitwa Umeme, kila stima ikikatika.)

Sasa nataka tukae kidogo Kasese, kwa sababu wengi wetu tuliovukia Bwera na Mpondwe tumepita pale kwa basi bila kujua tunapita wapi. Juu yake, kwenye miteremko ya Rwenzori, ndipo Kilembe. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na sababu kubwa ilikuwa shaba ya Kilembe. Shaba ilipakiwa, ikapita Kampala, ikaenda kuyeyushwa Jinja kwa umeme wa bwawa lile lile. Yaani magharibi ilitoa madini, mashariki ikatoa maji, na katikati Kampala ikawa na ofisi.

Mgodi ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilichobaki ni uchafu. Mawe ya Kilembe yalikuwa na kobalti pia, lakini wakati ule waliitaka shaba tu, kwa hiyo mabaki yenye salfa na kobalti yakarundikwa nje, wazi, nje kidogo ya mji wa Kasese. Mvua ikinyesha, lundo likatoa maji ya asidi, yakateremka hadi ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth kuelekea Ziwa George. Pale yalipopita majani yalikufa, ukabaki mkanda wa ardhi tupu katikati ya mbuga. Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ikaanza kulichakata lundo, ikitumia bakteria wanaokula mawe na kuachia kobalti. Mimi hilo linanishangaza mpaka leo: uchafu ulioachwa miaka yote ile ukageuka mali siku dunia ilipoihitaji kobalti. Lakini mabaki mengine yako Kilembe kwenyewe, kando ya Mto Nyamwamba, na mto huo una hasira. Mei 2013 ulifurika, Mei 2020 ukafurika tena ukaivunja hospitali ya Kilembe. Kila ukifurika unachimbua yaliyoachwa na kuyashusha kwa watu wanaochota maji na kulima huko chini. Walioichimba shaba ile wengi wameshazikwa, na wajukuu wao bado wanakunywa hesabu yake.

Ndiyo maana Kolwezi hainishangazi. Katanga ilichimbwa na Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ikafuata Gécamines ya serikali, na Gécamines ilipodhoofika miaka ya 1990 watu wakaingia mashimoni kwa sululu na mikono. Mwaka 2014 mtaa wa Kasulo uligundua kobalti chini ya nyumba zake. Watu wakachimba sebuleni, uani, popote. Juni 2019 mgodi uliporomoka karibu na Kolwezi, wakafa zaidi ya watu 40. Karibu robo tatu ya kobalti ya dunia inatoka nchini kwetu, na sisi tunaipanga foleni ya posho hapa Uganda.

Lakini nisiwadanganye. Si kila betri ina kobalti. Pikipiki nyingi za umeme hutumia betri za chuma na fosfeti, ambazo hazina kabisa. Shaba ndiyo haikwepeki, iko kwenye mota, kwenye nyaya, kwenye chaja, na shaba nayo inatoka Kongo. Petroli pia si malaika: waulizeni watu wa Hoima na Buliisa waliohamishwa kupisha mafuta. Na umeme wa Uganda ukiwa wa maji kwa sehemu kubwa, boda ya umeme ya Kampala inachafua hewa kidogo kuliko ile inayochajiwa kwa makaa ya mawe. Ningekuwa na uwezo ningemnunulia mdogo wangu moja kesho. Ninachokataa ni kuambiwa haina gharama, na kuambiwa hivyo na mtu anayekaa kilimani.

Kwenu ndugu wa mashirika nina swali moja. Mnatugawia taa za sola, na tunashukuru, watoto wanasoma usiku. Ripoti zenu zinahesabu taa zilizotolewa. Zilizokufa zinahesabiwa wapi? Nilipokuwa kambini, taa ikifa baada ya mwaka mmoja au miwili ilikaa chini ya kitanda, kisha ikatupwa shimoni pamoja na betri yake, hatua chache kutoka kisimani. Niliuliza ofisini nani anazichukua, nikaambiwa mradi wake umeshafungwa. Wanaokuja ni wanunuzi wa vyuma chakavu, nao hawataki betri. Kwa hiyo vijana wetu wanavunja taa, wanachoma nyaya jioni nyuma ya nyumba mpaka plastiki iishe, wanapima shaba kwa kilo.

Moshi wake ni mweusi, na nyumba ziko karibu karibu.